Gaidi, Buluo na The Hague: kweli ni ipi?

Taja Buluo mbele ya watu watatu wa Likasi, utapata hadithi nne. Hili ni gereza la kijeshi la Likasi lenye ulinzi mkali, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, na hupokea watu waliohukumiwa na mahakama za kijeshi. Kila redio inapotangaza kwamba “magaidi” wamekamatwa mahali fulani Kongo, kuna atakayeuliza: hawa wataletwa Buluo, au watapelekwa The Hague? Swali hilo moja limezaa madai mengi. Yapo ya mitaani Kikula na Panda, yapo ya ndani ya basi la Lubumbashi, yapo yanayozunguka kwenye simu usiku kucha. Wewe msomaji umeyasikia, na huenda mengine umeyapitisha kwa jirani.

Ninayachukulia kwa uzito, kwa sababu nyuma ya neno “ugaidi” wapo watu waliochomewa nyumba Mitwaba, waliozika ndugu zao Beni, waliopofuka Nairobi. Watu hao wana haki ya kujua sheria inaweza kuwapa nini na haiwezi kuwapa nini. Basi tuyapime.

“Kila gaidi mkubwa huishia CPI, kule The Hague.”

SI KWELI. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI kama tunavyoiita huku, inahukumu makosa ya aina nne tu: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita, na uchokozi wa nchi dhidi ya nchi. Ugaidi haumo. Wala si kwamba waandishi wa Mkataba wa Roma waliusahau. Mwaka 1998 Algeria, India, Sri Lanka na Uturuki zilitaka uingizwe. Mataifa yakashindwa kukubaliana gaidi ni nani hasa, yakaandika azimio kwamba jambo hilo liangaliwe tena siku za mbele, yakatia saini bila hilo.

Angalia tarehe. Mkataba ulipitishwa tarehe 17 Julai 1998. Wiki tatu baadaye, tarehe 7 Agosti, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 224, wengi wao Waafrika waliokuwa kazini au wakipita barabarani. Zile siku za mbele zilifika mwaka 2010, mataifa yalipokutana Kampala kuupitia Mkataba upya. Pendekezo la Uholanzi la kuingiza ugaidi lilikuwa limeshawekwa kando kabla ya mkutano. Wajumbe wakashughulika na kosa la uchokozi. Walifunga kikao tarehe 11 Juni. Tarehe 11 Julai, katika mji huo huo, mabomu yaliua watu 76 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia.

Lakini usiruke kutoka hapo na kusema The Hague haina kazi na watu wa namna hiyo. Uganda iliwaita waasi wa LRA kundi la kigaidi kwa miaka mingi. Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, alipofikishwa CPI, hakushtakiwa kwa ugaidi hata mara moja. Alishtakiwa kwa mauaji, utesaji, utumwa, ubakaji, kuwaandikisha watoto jeshini. Mwaka 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61, akapewa miaka 25. Wakongo wenzetu pia, Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda, walihukumiwa kwa matendo yaliyotajwa moja moja: watoto walioshikishwa bunduki, shambulio la kijiji cha Bogoro la Februari 2003, mauaji na ubakaji wa Ituri. Ntaganda alipata miaka 30. Hakuna aliyehitaji kuitwa gaidi ili afungwe.

“Basi ugaidi si kosa la kimataifa.”

NUSU KWELI, na nusu hizi mbili zinagombana mpaka leo. Hakuna mkataba mmoja wa dunia nzima unaosema “ugaidi ni hiki”. Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya kuutunga mwaka 1996, na rasimu bado imekwama pale pale: wapiganao kujikomboa wahesabiwe namna gani, na majeshi ya serikali nayo je? Badala yake ipo mikataba mingi ya vipande vipande, kila mmoja na tendo lake. Kuna wa utekaji wa watu wa mwaka 1979, wa mabomu wa 1997, wa fedha za ugaidi wa 1999. Ndani ya mikataba hiyo mna kanuni iliyonyooka: nchi iliyomkamata mtuhumiwa ama imshtaki, ama imkabidhi kwa nchi itakayomshtaki. Baada ya Septemba 2001, Baraza la Usalama kwa azimio namba 1373 lilizilazimisha nchi zote kuufanya ugaidi kuwa kosa zito katika sheria zao wenyewe.

Mahakama maalumu ya Lebanon, kwa uamuzi wa rufaa wa Februari 2011, ilisema kwamba ugaidi unaovuka mipaka umeshakuwa kosa katika sheria ya kimila ya mataifa. Wanasheria wengi waliupinga uamuzi huo, na naona walikuwa na hoja: huwezi kudai mataifa yote yana desturi moja wakati yanabishana maana ya neno kila yakikutana. Kwa leo, ukisema “dunia nzima ina wajibu wa kuupiga vita ugaidi kwa sheria” uko sahihi. Ukisema “dunia nzima ina mahakama ya kuuhukumu” umekosea.

“Haya mambo ya sheria za ugaidi yalianza na Wamarekani baada ya Septemba 11. Kongo haina sheria hiyo.”

SI KWELI, kwa vyote viwili. Mfalme Alexander wa Yugoslavia aliuawa Marseille mwaka 1934, na miaka mitatu baadaye, Geneva, mataifa yaliandika mkataba wa kuzuia na kuadhibu ugaidi, pamoja na mwingine wa kuunda mahakama ya kimataifa ya kuuhukumu. India peke yake iliridhia ule wa kwanza, vita vikaja, ukafa. Afrika nayo ilikuwa na mkataba wake wa Algiers tangu Julai 1999, miaka miwili kabla ya New York.

Na Kongo? Fungua Kanuni ya Adhabu ya Kijeshi, sheria namba 024/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, vifungu 157 hadi 160. Ugaidi umo. Ni matendo ya mtu mmoja au kundi yenye lengo la kuvuruga vibaya utulivu wa umma kwa vitisho au kwa hofu. Maneno hayo ni mapana, na upana huo ni hatari yake. Tena tazama yalipowekwa: katika kanuni ya wanajeshi. Ndiyo maana raia anayetuhumiwa kwa ugaidi hujikuta mbele ya majaji wenye kombati, ingawa Katiba yetu, kifungu cha 156, inasema mahakama za kijeshi ni kwa makosa ya wanajeshi na polisi. Hilo ni pengo la kweli, na Bunge ndilo lenye kazi ya kuliziba.

“Serikali ikishamwita mtu gaidi, ameshahukumiwa.”

SI KWELI, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndilo dai linaloumiza watu wengi zaidi.

Kuna orodha na kuna hukumu. Orodha hutengenezwa na serikali au Baraza la Usalama: fedha zinazuiwa, safari zinakatazwa. Kundi la waasi la ADF liliwekwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa Juni 2014, na Marekani ikaliandika kuwa tawi la Dola la Kiislamu Machi 2021. Tarehe 27 Mei 2022 Baraza Kuu la Ulinzi, Kinshasa, lilitangaza M23 kuwa kundi la kigaidi. Tangazo la namna hiyo lina uzito wa kisiasa, na kwa mama wa Rutshuru aliyepoteza mume lina uzito wa moyo pia. Lakini hakuna mtu aliyepatikana na hatia siku ile.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2024, mahakama ya kijeshi Kinshasa ilimhukumu kifo Corneille Nangaa, mkuu wa muungano unaoibeba M23, naye hayupo mahakamani. Kwa makosa gani? Uhalifu wa kivita, kushiriki uasi, uhaini. Waendesha mashtaka walipolazimika kuthibitisha, walishika makosa yenye vipimo. Na Julai 2025 serikali hiyo hiyo ilitia saini na M23, mjini Doha, tamko la kanuni za amani. Siwalaumu waliokaa mezani. Vita vina gharama yake. Ninachosema ni kwamba jina lililotolewa kwa tangazo linaweza kuwekwa kando kwa sahihi moja. Kosa lililothibitishwa mahakamani, kwa shahidi na kwa tarehe, haliondoki kirahisi hivyo.

Jina hilo hugeuka pia kuwa rungu. Tanzania, Julai 2021, Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama kikubwa cha upinzani, alikamatwa Mwanza na kushtakiwa kwa ugaidi. Alikaa ndani zaidi ya miezi 7. Tarehe 4 Machi 2022 mwendesha mashtaka aliiondoa kesi, akarudi nyumbani. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashtaka ya aina hiyo hiyo hadi walipoachiwa mwaka 2021. Linganisha na Kampala. Kesi ya mabomu ya 2010 ilisikilizwa, na Mei 2016 jaji aliwatia hatiani watu saba kwa ugaidi, akawaona watano hawana hatia kabisa. Mahakama inayoweza kusema “huyu siyo” ndiyo ninayoiamini inaposema “huyu ndiye”.

Neno “gaidi” ni kama gunia la makaa lililofungwa: kwa nje huwezi kujua ndani kuna nini. Mahakama kazi yake ni kulifungua na kumwaga kila kitu chini, mbele ya watu.

“Dawa ya gaidi ni hukumu ya kifo, tena ya haraka.”

SI KWELI, na ushahidi wake watu wa Likasi wanao mlangoni.

Gédéon Kyungu Mutanga aliongoza Mayi-Mayi katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto, lile waliloliita pembetatu ya mauti. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa kwa ukatili, maelfu kwa maelfu walikimbia. Mei 2006 alijisalimisha kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kesi yake ilisikilizwa Kipushi, na tarehe 5 Machi 2009 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, uasi na ugaidi. Adhabu: kifo. Kwa karatasi, hakuna hukumu nzito kuliko hiyo. Ilikuwa pia kazi ya kujivunia: mahakama ya hapa hapa Haut-Katanga, si ya Ulaya, ilisikiliza mashahidi wa vijijini na kuyaita matendo yale kwa majina yake ya kimataifa.

Kisha nini? Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walilivamia gereza la Kasapa, Lubumbashi, mchana. Walitoka wafungwa karibu 1,000, na Gédéon akiwamo. Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi lililohusishwa naye na linalodai Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi mpaka kwenye kambi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Oktoba 2016 alijisalimisha tena, Malambwe, na badala ya kurudishwa kifungoni alipokewa Lubumbashi hadharani kwa shangwe, akapewa nyumba ya kukaa chini ya ulinzi. Februari 2018 Baraza la Usalama lilimweka kwenye orodha ya vikwazo. Tarehe 28 Machi 2020, siku ambayo wafuasi wake waliingia Lubumbashi na Likasi, alitoroka tena.

Hesabu mwenyewe. Mtu huyu alikuwa na hukumu ya kifo, jina la gaidi kortini, na jina kwenye orodha ya New York. Kilichokosekana ni mlango uliofungwa na wakubwa wenye nia ya kuuacha umefungwa. Mama aliyesimama Kipushi akasema aliyoyaona, halafu akamwona aliyemshtaki akishangiliwa barabarani, hukumu ya kifo haikumlinda hata kidogo. Miaka 25 inayotumikiwa yote ina maana kwake kuliko kifo kilichoandikwa na kusahauliwa.

Kinshasa ilisitisha utekelezaji wa adhabu ya kifo kwa miaka zaidi ya 20, kisha Machi 2024 ikatangaza kwamba usitishaji huo umeondolewa. Septemba mwaka huo mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 37 kwa jaribio la mapinduzi la tarehe 19 Mei 2024. Ugaidi ulikuwa miongoni mwa mashtaka, pamoja na kuufadhili. Watatu walikuwa Wamarekani. Aprili 2025 adhabu yao ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, wakarudishwa kwao. Wakongo waliohukumiwa nao siku moja hawakupanda ndege ile. Haki inayopima pasipoti hainiridhishi, na sidhani inakuridhisha wewe.

“Vitani hakuna ugaidi, vita ni vita.”

SI KWELI. Itifaki ya Pili ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inayohusu vita vya ndani ya nchi, inakataza matendo ya ugaidi kwa maneno hayo hayo, na inakataza vitisho ambavyo lengo lake kubwa ni kutia raia hofu. Jenerali Stanislav Galić, ambaye askari wake waliwapiga raia wa Sarajevo kwa risasi na mizinga kwenye foleni za maji na sokoni, alitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo mwaka 2003, na rufaa ikampa kifungo cha maisha. Charles Taylor wa Liberia alipata miaka 50 mwaka 2012 kwa makosa ya Sierra Leone. Matendo ya ugaidi yalikuwamo. Kwa hiyo, ikiwa lipo jibu safi kwa anayeuliza kama mahakama ya kimataifa imewahi kumfunga mtu kwa kuwatia raia hofu, ni hili: ndiyo, kama uhalifu wa kivita.

“Gaidi wa huyu ni mpigania uhuru wa yule.”

KWELI kama historia. SI KWELI kama utetezi.

Historia yake iko Likasi penyewe. Januari 1960 mji uliitwa Jadotville. Mahakama ya Wabelgiji ilikuwa imempa Patrice Lumumba miezi sita kwa kuchochea machafuko ya Stanleyville ya Oktoba 1959, na wakoloni wakamsafirisha kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine, wakamfunga Jadotville. Siku chache tu. Wakongo waliokwenda Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo walisema bila yeye hakuna mazungumzo. Akafunguliwa, akapanda ndege, mikono bado ina alama za pingu. Kabla ya Juni kuisha alikuwa waziri mkuu. Nelson Mandela naye jina lake lilibaki kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kutiliwa shaka ya ugaidi mpaka mwaka 2008, akiwa anakaribia miaka 90 na akiwa na Tuzo ya Nobel ya Amani. Wazee waliotuonya tusimeze kila jina linalotoka kinywani mwa mwenye nguvu walikuwa na sababu nzuri, na Afrika iliandika onyo lao ndani ya sheria: kifungu cha tatu cha Mkataba wa Algiers kinasema mapambano ya watu kujikomboa, yakiwemo ya silaha dhidi ya ukoloni na uvamizi, hayahesabiwi kuwa ugaidi.

Lakini soma kifungu hicho mpaka mwisho. Kinataka mapambano hayo yafuate kanuni za sheria ya kimataifa. Kinaulinda upande unaopigana. Hakimlindi anayemkata mkulima panga kwa sababu hakumpa mahindi. Bakata Katanga wanaweza kudai Katanga ijitenge. Dai la kisiasa si kosa, hata likikuudhi. Kuchoma kijiji cha Mitwaba ni kosa, hata dai lingekuwa jema kuliko yote duniani.

“Akishavuka mpaka, ameponyoka.”

SI KWELI. Jamil Mukulu, kiongozi wa zamani wa ADF, alikamatwa Tanzania Aprili 2015 na kukabidhiwa Uganda Julai. Thomas Kwoyelo wa LRA alikamatwa mwaka 2009 hapa hapa Kongo, katika Garamba. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari wa bomu la Dar es Salaam, alikutwa Cape Town mwaka 1999. Ahmed Ghailani, Mzanzibari mwenzake, Pakistan mwaka 2004. Wawili hawa wanatumikia kifungo cha maisha Marekani.

Kesi ya Mohamed ina jambo la ziada. Maofisa wa Afrika Kusini walimkabidhi kwa Wamarekani haraka haraka, bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema waziwazi kwamba serikali yao imevunja Katiba. Mtu yule alikuwa ameshiriki mauaji ya Waafrika 11. Majaji walilijua hilo, na bado walisimama na sheria. Kesi ya New York haikuanguka kwa sababu hiyo, na mwishowe hakupewa kifo. Anayekwambia kwamba haki za mtuhumiwa huwaokoa magaidi, mwambie habari ya kesi hii.

“Jinai haiozi.”

KWELI. Usemi huu hupendwa na polisi wa Tanzania, na Mkataba wa Roma, kifungu cha 29, unaukubali: makosa yaliyo chini ya CPI hayafutwi na miaka. Kwoyelo ni mfano wake. Aliyoyafanya kaskazini mwa Uganda yalikuwa na karibu miaka 20 au zaidi pale Mahakama Kuu ya Uganda, kitengo cha makosa ya kimataifa, ilipomtia hatiani Gulu mnamo Agosti 2024 kwa makosa 44. Oktoba akapewa miaka 40. Watu waliomsubiri walikuwa wameota mvi. Na CPI ilitangaza Oktoba 2024 kwamba imeufufua uchunguzi wake Kivu Kaskazini, ikiangalia hasa yaliyotendeka tangu Januari 2022.

“Hata wakihukumiwa wote, aliyeumizwa hapati kitu.”

NUSU KWELI, na ningetamani kuandika SI KWELI. Kwa muda mrefu mahakama zetu ziliamuru fidia ambazo waathirika hawakuziona. CPI, katika kesi ya Germain Katanga, iliamuru mwaka 2017 kila mmoja wa waathirika 297 wa Bogoro alipwe dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Ni kidogo mno kwa aliyepoteza wazazi. Hata hivyo majina yao yaliandikwa, na hasara yao ikakubaliwa mbele ya dunia.

Sasa liko jambo linalowagusa watu wa Likasi moja kwa moja. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 iliunda FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika wa ukatili wa kingono unaohusiana na vita na wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa binadamu. Chanzo chake kikubwa ni asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Shaba na kobalti zinazotoka ardhini mwenu zinatakiwa kumfikia mjane wa Mitwaba na yatima wa Beni. Wabunge wenu wa Likasi waulizeni fedha hizo zinakwenda wapi, na waulizeni kila mwaka.

Na wewe uliyeguswa, au jirani yako: usingoje serikali iamue kama aliyekuumiza ataitwa gaidi, mwasi au mshirika wa amani. Andika tarehe, kijiji, na majina ya walioona. Tunza cheti cha hospitali na picha ya nyumba iliyoungua. Kesi ikifunguliwa, sheria yetu inakuruhusu kuingia kama mdai wa fidia bega kwa bega na mwendesha mashtaka. Nenda na wakili, au na chama cha haki za binadamu kilicho karibu, ukaandikishe jina lako.